Chumba cha Miezi Miwili Dar es Salaam: Gharama ya Kujifunza Uandishi kwa Kijana wa Mhunze

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa vyuo vya Tanzania wamezoea kuyaita fildi, ni kipindi ambacho mwanafunzi huondoka darasani na kwenda mahali pa kazi ili ajifunze kwa kutenda yale aliyoyasoma, na kwa mwanafunzi wa uandishi wa habari mahali hapo ni chumba cha habari cha gazeti, jarida, redio au televisheni. Kipindi hicho ni sehemu ya masomo yenyewe, na kwa sababu kinahesabiwa kuwa masomo wala si ajira, taasisi inayompokea mwanafunzi kwa kawaida haimlipi, hata pale habari anazoziandika zinapochapwa na kuuzwa sawasawa na za waandishi walioajiriwa. Kwa mwanafunzi ambaye wazazi wake wanaishi Sinza au Tabata huo ni usumbufu wa wiki chache, lakini kwa aliyetoka Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ndio mlango wenyewe wa taaluma, nao hufunguka kwa fedha.

Magazeti makubwa ya Kiswahili, yakiwamo Mwananchi, Nipashe na HabariLeo, yamekulia Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 1,000 kutoka Shinyanga, na majarida nayo yamefuata njia hiyo hiyo. Hata jarida la vijana la shirika la Femina Hip, lililoanza mwaka 1999 na ambalo limekuwa likigawiwa bure katika shule za sekondari za mikoani, huhaririwa jijini humo. Mwanafunzi anayetaka kujifunza kazi ya uhariri, yaani kuchagua, kupima na kusahihisha maandiko ya wengine kabla hayajachapwa, hana budi kwenda huko, na akifika hukutana na desturi ya upangishaji isiyomfikiria mtu wa aina yake: wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, ilipwe kwa mkupuo, ilhali fildi huchukua takribani wiki nane. Ndiyo maana karibu kila mwanafunzi wa mikoani hutafuta ndugu wa kumfikia, na asiye na mjomba au shangazi mwenye nafasi sebuleni hubaki akiomba nafasi karibu na kwao, kwa mfano Redio Faraja ya mjini Shinyanga, ambako atajifunza mengi ya redio lakini hataiona meza ya mhariri wa jarida.

Msaada mkubwa uliopo ni ule wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, ambayo miongoni mwa vipengele inavyovikopesha kimo cha mafunzo kwa vitendo. Kwa viwango ambavyo miongozo yake imekuwa ikitaja, mwanafunzi anaweza kupata hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, jumla yake ikiwa shilingi 560,000. Fedha hizo zinatosha chakula na nauli ya daladala kwa anayelala kwa ndugu. Kwa asiye na ndugu, kodi ya chumba inayodaiwa kwa mkupuo inaweza kuzila karibu zote kabla hajanunua sahani ya kwanza ya wali kwa mama ntilie. Isitoshe, fedha hizo ni mkopo, na mnufaika akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe, jambo ambalo maana yake ni kwamba kijana amekopa ili aweze kufanya kazi bila malipo, kisha akailipia kazi hiyo kwa miaka kadhaa.

Na hao, wanafunzi wa shahada, ni wenye bahati. Kanuni za mwaka 2017 zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu ya mwandishi wa habari, na hivyo kuwapeleka vyuoni vijana wengi ambao zamani wangeanza kwa kuripoti kutoka wilayani na kujifunza kazi humo humo. Lakini Serikali ilipoanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, ilichagua fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, usafirishaji, nishati, madini na kilimo, na uandishi wa habari haukuwamo. Ni vigumu kuona haki katika kudai cheti kwa sheria na kuacha gharama ya kukipata juu ya mkulima wa pamba wa Kishapu, ambaye hata mauzo yake hayatabiriki, kama ilivyoonekana msimu wa 2019 wakulima wengi walipokabidhi pamba na kusubiri malipo kwa miezi.

Gharama ambayo chombo cha habari hakikuilipa haipotei, kwa kuwa daima kuna mtu anayeilipa, na mara nyingi mtu huyo ni yule anayeandikwa habari zake. Katika mikutano na hafla waandalizi huwapa waandishi bahasha, ambayo kwa adabu huitwa nauli, na ingawa maadili ya taaluma yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania yanakataza kupokea fedha kutoka kwa chanzo cha habari, kijana aliyekuja kazini kwa miguu hana nguvu ya kuikataa. Hapo ndipo anapojifunza, katika wiki zake za mwanzo kabisa kazini, kwamba habari hulipwa na mwenye shughuli. Somo hilo ni baya kuliko lolote analoweza kukosa darasani.

Hasara nyingine huwapata watu wa Kishapu wenyewe. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui wilayani humo, lilipasuka na tope likafunika mashamba na makazi ya wanavijiji. Tukio la namna hiyo huhitaji mwandishi anayekijua Kisukuma cha mama aliyepoteza shamba na anayejua pia kumshawishi mhariri kwamba habari hiyo isifungwe baada ya siku tatu. Mwandishi huyo hapatikani ikiwa wanaoweza kumudu kukaa Dar es Salaam miezi miwili bila malipo ni watoto wa Dar es Salaam pekee.

Baada ya kuhitimu huja hatua ya pili, mafunzo tarajali, yaani kipindi ambacho mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi ili apate uzoefu unaodaiwa na waajiri, na hapa ulinganisho na kwingineko unaonyesha kwamba malipo si ndoto. Nchini Kenya mpango wa utumishi wa umma ulioanza mwaka 2019 umekuwa ukiwapa watarajali posho ya shilingi 25,000 za Kenya kwa mwezi. Nchini Marekani, Condé Nast, wachapishaji wa Vogue na The New Yorker, walishtakiwa mwaka 2013 na waliokuwa watarajali wao kwa kulipwa chini ya kima cha sheria, wakafunga mpango wao mwaka huo huo, na mwaka 2014 wakakubali kulipa dola milioni 5.8 ili kumaliza shauri. Matokeo hayo yanapaswa kuwatahadharisha wanaotaka kuanza na mahakama, kwa kuwa waliodai malipo ya jana walipata, ila waliokuja nyuma yao walikuta mlango umefungwa.

Kwa hiyo ni busara zaidi kutafuta chanzo cha fedha kuliko kumlazimisha mchapishaji ambaye matangazo yake yamehamia mitandaoni. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi tayari hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara, na chombo cha habari kinachompa mwanafunzi posho kingeweza kuruhusiwa kuikata katika tozo hiyo. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, haifai hapa, kwa kuwa imekusudiwa biashara. Kinachofaa zaidi ni wajibu wa migodi kwa jamii: Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika, na mipango hiyo, ambayo kutoka Kishapu hadi Geita hujenga madarasa na zahanati, inaweza kubeba pia ruzuku, yaani fedha isiyorudishwa, kwa wanafunzi wachache wa wilaya wanaokwenda fildi mbali na kwao. Kwa kiwango kile kile cha Bodi, wanafunzi 10 wangegharimu shilingi 5,600,000. Hata kiasi hicho kikizidishwa mara mbili ili kodi ya chumba ilipwe, bado ni kidogo mbele ya bajeti ya jengo moja.

Kuna sharti moja ambalo haliwezi kulegezwa. Mgodi na halmashauri ni miongoni mwa wale ambao mwandishi wa Kishapu atapaswa kuwachunguza, kwa hiyo fedha zao zisipite mikononi mwa mwanafunzi wala mwa mhariri kwa jina la mtoaji. Ziingie katika akaunti ya chuo, chuo kichague wanufaika kwa kuangalia uhitaji na maandiko yao, na kiwalipe wiki mbili kabla ya safari, kabla mwenye nyumba hajaanza kudai.