CRB Haidai Wala Haisamehi

Swali ni lile lile kila mara: nani anaweza kunisafishia jina CRB? Hakuna. Anayekuahidi kazi hiyo kwa shilingi elfu chache na nakala ya kitambulisho anakuuzia hewa, na huenda akaondoka na PIN yako ya M-Pesa. CRB, yaani ofisi ya kumbukumbu za mikopo, si mdai wala mahakama, ni daftari. Yaliyoandikwa humo yaliletwa na aliyekukopesha, na ni yeye anayepaswa kutuma taarifa kwamba umelipa. Kama ni uongo, una haki ya kuyapinga mwenyewe, na ripoti moja kwa mwaka hutolewa bure. Kama ni kweli, hakuna fundi wa kuyafuta. Hata ukilipa, kumbukumbu ya kuchelewa hubaki miaka 5 tangu siku uliyomaliza deni. Kinachobadilika ni kwamba sasa daftari linasema umelipa. Cheti cha CRB cha kuonyesha hudaiwi, anachokitaka mwajiri, hutokana na malipo hayo.

Wapo wanaobisha: mbona mwaka 2022 serikali ilisafisha majina ya mamilioni ya watu? Mpango ule ulitangazwa na Benki Kuu ya Kenya mwezi Novemba, ukawagusa wakopaji wapatao milioni 4.2 waliokwama na mikopo ya simu ya siku 30 au chini, yenye thamani ya takriban shilingi bilioni 30. Wakopeshaji walitakiwa kusamehe angalau nusu ya deni, na mkopaji akubaliane nao jinsi ya kulipa salio kufikia mwisho wa Mei 2023. Wakala hakuhitajika, na salio lilibaki shingoni mwa mwenye deni. Huko ni kupunguziwa deni, si kusafishwa jina.

Ubaya wa imani hii ya kusafishwa jina hauishii kwa matapeli. Kwa kuogopa daftari, mtu hukopa kwenye app moja ili alipe nyingine. Tuseme anadaiwa 10,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kila siku 30, na kila mwezi anakopa upya kulipa mkopo uliotangulia, ada akiitoa mfukoni. Baada ya miezi 12 ametoa 9,000, na 10,000 zile zile bado anadaiwa. Jina ni safi, mfuko umetoboka. Na anayekopa ili wadai wasiwapigie simu jamaa zake ajue kwamba kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mkopaji. Wakifanya hivyo, apeleke malalamiko Benki Kuu.

Sasa njia zenyewe za kutoka kwenye deni, kwa haraka. Orodhesha madeni yote, riba na tarehe zake. Mwandikie mkopeshaji kabla hujakwama, omba muda, na mkikubaliana upewe kwa maandishi. Kwa deni la benki, kumbuka kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo ukishaacha kulipwa, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililobaki siku hiyo. Madeni yakikuelemea kabisa, kuna Sheria ya Ufilisi ya 2015. Mwenye kipato anaweza, kupitia mtaalamu wa ufilisi, kuwapendekezea wadai mapatano huku amri ya muda ya Mahakama Kuu ikiwazuia kumwandama, au kuomba amri ya kulipa kidogo kidogo. Asiye na mali wala uwezo wa kulipa, na ambaye hajawahi kutangazwa mufilisi, anaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali ikiwa madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4. Baada ya miezi 12 huachiliwa. Hupewa mara moja tu maishani, na deni la ulaghai halifutiki.

Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa amewekewa mlango na sheria. Hakuna mlango hata mmoja unaofunguliwa na mtu wa WhatsApp anayeomba picha ya kitambulisho chako. Anza na anayekudai.