Mtazame mguu kwanza

"Mwanangu, si unasoma SUA wewe? Njoo uone mahindi yangu." Ni mama jirani yangu hapa Mafiga. Majani yalikuwa na milia myembamba ya njano, imekatikakatika, ikifuata mishipa. Alishatenga hela ya mbolea. Nikatikisa mmea, vikaruka vidudu vya kama milimita 3. Nikatoa lenzi.

Ukikamata mdudu wa hivyo, anza na mguu wa nyuma. Muundi wenye safu za miiba midogo ni wa jasidi. Ukikuta kichokoo kimoja kikubwa kinachochezacheza mwishoni mwa muundi, huyo ni wa familia nyingine. Halafu kichwa: rangi ya njano, madoa mawili meusi ya mviringo katikati ya macho. Hapo uko kwenye Cicadulina.

Ndiye anayebeba kirusi cha milia ya mahindi. H. H. Storey alilionyesha hilo miaka ya 1920 akichunguza Cicadulina mbila, kisha akaendelea na utafiti Amani, kule Usambara.

Je, yule wa Mafiga alikuwa mbila? Sikusema. Spishi za Cicadulina zinafanana mno. Hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, chini ya hadubini. Lakini jenasi na milia vilitosha kumwambia mama ukweli: mbolea haiponyi kirusi. Hela ile akaiweka, msimu ujao anunue mbegu inayostahimili, kama Staha au TMV-1.