Kiwanda cha Makala na Kilichokiangusha

Anayetaka kuishi kwa kuandika mtandaoni huambiwa kwanza ajijengee utaratibu: hatua zilezile kila wiki, asingoje hamu imjie. Ushauri ni mzuri, ila hausemi ni hatua zipi zirudiwe, na hapo ndipo fedha nyingi zilipopotelea. Kampuni ya Demand Media ya California, iliyoanzishwa mwaka 2006, iliurudia utaratibu wake kwa kasi ya kiwanda. Programu yake ilipima watu wanatafuta nini kwenye intaneti, watangazaji wako tayari kulipa kiasi gani kando ya jibu, na kurasa ngapi tayari zinajibu. Swali lenye faida likipatikana, lilikwenda kwa waandishi wa kujitegemea waliolipwa takriban dola 15 kwa makala. Januari 2011 hisa zake ziliingia sokoni New York, na kwa muda kampuni ikawa na thamani kubwa kuliko ile inayochapisha gazeti la New York Times. Mwezi uliofuata Google ilibadili namna ya kupanga matokeo ili kuzishusha kurasa hafifu. eHow, tovuti kuu ya kampuni, ilinusurika mwanzoni. Aprili ikapigwa, na hadhi ile haikurudi tena.

Ni rahisi kuilaumu Google, na kweli kutegemea mlango mmoja ni hatari. Lakini kasoro ilikuwa ndani ya utaratibu wenyewe. Swali lilichaguliwa kwa umakini wa kupendeza. Jibu likaachiwa mtu ambaye, kwa ujira ule, hakuwa na budi kuokoteza yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Wahariri walikuwepo, ila hakuna hariri inayoweza kuingiza ujuzi ambao mwandishi hakuutafuta. Mwaka huohuo wa 2011 Brian Lam alianzisha tovuti ya Wirecutter, akaurudia uchunguzi: chagua aina moja ya kifaa, kijaribu pamoja na washindani wake, pendekeza kimoja, kisha urudi kusahihisha makala ileile hali inapobadilika. Makala zilikuwa chache, na mapato yalikuwa kamisheni ya bidhaa zilizonunuliwa kupitia viungo vyake. Mwaka 2016 New York Times iliinunua kwa dola zaidi ya milioni 30.

Mtu atasema waanzilishi wa Demand Media walivuna kabla ya gharika, na faida ni faida. Ya mwenye hisa, sawa. Mwandishi alilipwa mara moja tu. Kwake faida ya maana ni makala inayoendelea kuingiza kitu mwaka wa tatu. Tena kazi ile ya dola 15 sasa hufanywa na kompyuta kwa gharama inayokaribia bure, kwa hiyo anayerudia kuokoteza anashindana na mashine isiyolala wala kula.

Pingamizi zito zaidi ni la mtaji: mwandishi wa Mwanza au Kisumu atanunua wapi friji kumi azijaribu? Hana haja. Kwa Tanzania, kwa mfano, makala ya jinsi ya kupata namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) hujaribiwa kwa kuzipitia hatua zenyewe, kuandika tarehe na ada kama ilitozwa, na kuthibitisha upya kila baada ya miezi michache. Gharama yake ni muda, na ndiyo sababu wengi huiruka.

Wala kamisheni si ngome. Aprili 2020 Amazon iliwapunguzia kamisheni walioitegemea. Kwa samani, kiwango kilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Utaratibu wa uchunguzi haukuzuii kukatwa hivyo. Ila humwacha mwandishi na kitu kingine cha kuuza: mwaka 2021 New York Times ilianza kuwatoza wasomaji ada ya kusoma Wirecutter. Kwa eHow, wazo la namna hiyo lingekuwa kichekesho.