Tengefu, Kikaango na Haki ya Mjane

Jioni moja ya bamvua, baada ya sala ya Alasiri, tulipita pwani mahali wavuvi wanapoteremshia samaki. Tulimkuta mama mmoja, mjane mwenye watoto wanne, akinunua ndoo ya tafi wachanga, wengi wao hawazidi urefu wa kidole. Tulimsalimu, kisha tukamuuliza mbona amechukua wadogo kiasi kile. Akatujibu kwa adabu, lakini uchungu haukufichika: "Sheikh, wakubwa huchukuliwa na matajiri hata kabla ya ngalawa kufika nchi kavu. Mtaji wangu ni huu, na watoto wanangoja." Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukumbusha kuwa ameitiisha bahari ili tupate kitoweo kibichi na mapambo, na ili tushukuru. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, akatuonya kuwa uharibifu wa bara na bahari hutokana na yale waliyoyachuma wanadamu kwa mikono yao. Aya mbili hizi hatuna budi kuzisoma pamoja.

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe, ambayo ni viumbe hai wala si mawe kama wengi wetu tunavyodhani, yaliupoteza mwani mdogo mno unaoishi ndani yake na kuyalisha. Yakageuka meupe, na sehemu kubwa katika pwani yetu ikafa. Joto la namna hiyo lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Matumbawe ni nyumba ya changu, tafi na pono. Nyumba ikibomoka, wakazi wake hutawanyika. Isitoshe, maji yenye joto hubeba hewa pungufu, na baadhi ya samaki hukimbilia kina ambacho mtumbwi haukifikii.

Moshi uliosababisha joto hili aghalabu umetoka nchi za mbali zenye viwanda vikubwa. Hata hivyo, hatuna udhuru wa kuongeza jeraha la pili juu ya la kwanza. Juya, ule wavu unaokokotwa chini ya bahari, ulipigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, lakini bado watu huuvuta kwa siri. Huvunja matumbawe na huzoa samaki ambao hawajataga hata mara moja. Samaki hao wana soko, na soko lenyewe ni vikaango vyetu.

Dawa moja imekwisha jaribiwa. Watu wa Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, walitenga hekta 30 za bahari mwaka 2005, wakakubaliana wasivue humo. Mahali kama hapo huitwa tengefu. Samaki hukua humo kwa amani, hutaga, kisha wengine hutoka nje wakavuliwa kwa halali. Matumbawe yenye samaki wengi walao mwani hupata nafuu upesi zaidi baada ya joto, kwa kuwa mwani haupati nafasi ya kuyafunika.

Tumewasikia wanaouliza: je, Surat Al-Maida, aya ya 96, haikuhalalisha kiwindwa cha bahari hata kwa aliyehirimia? Naam, halali ni halali. Lakini kutenga mahali kwa maslahi ya wote si kuharamisha. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitenga malisho ya Naqii, karibu na Madina, kwa farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (R.A.) naye alitenga malisho mengine, na wosia aliompa msimamizi wake ndio tunaotaka kila mzee wa bandari ausikie: awaachie waingie wenye mifugo michache, na awazuie matajiri wenye makundi makubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba tajiri akifiwa na mifugo ana mashamba ya kurudia, lakini maskini atakuja na watoto wake kuomba.

Hapo ndipo tengefu nyingi zinapokosea. Bahari inafungwa, samaki wanakua, kisha wakubwa wanakwenda hotelini, na mama karanga anabaki na karai tupu. Kwa hiyo tunasema wazi: kamati ya BMU inayotenga bahari bila kumpa mama karanga kiti barazani na fungu la samaki kwa bei anayoimudu, imetenga nusu tu ya haki. Na sisi wa misikitini tunao wajibu wetu. Mjane asiye na mtaji anastahiki zaka, na anastahiki karadha njema isiyo na riba, ili aweze kununua samaki waliokomaa.

Njia nyingine ni ufugaji wa samaki. Mwatiko hustahimili mabadiliko ya chumvi, na hula mwani unaoota bwawani, hivyo gharama ya chakula hupungua. Lakini vifaranga vyake huzaliwa baharini na kuingia na maji kupwa na kujaa kwenye vijito vya mikoko. Ukikata mikoko uchimbe bwawa, umeua mlezi wa vifaranga vyako, na mawimbi yatabomoa kuta. Mabwawa yachimbwe nyuma ya mikoko, penye uwazi, na kuta zake zipite kimo cha bamvua kubwa kabisa. Wenzetu wa Gazi na Makongeni, Kaunti ya Kwale, tangu mwaka 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo. Mapato yamesaidia maji na shule.

Enyi mama zetu na dada zetu, nguvu mliyonayo ni kubwa. Siku mtakapokubaliana, kikundi kwa kikundi, kwamba samaki mchanga haingii kikaangoni, juya litakosa soko. Lakini tusiwaachie mzigo huo peke yenu. Kabla hatujamkataza mjane yule ndoo yake ya tafi, na tumuulize kwanza watoto wake watakula nini usiku huo, kisha tumjibu kwa mali zetu.

Mwenyezi Mungu atubarikie bahari yetu, na atujaalie kuwa waaminifu juu yake. Amin.