Jukwaani Maadui, Usiku Mabeste: Mbona Vyama Pinzani Husaidiana Kwa Mikutano?

Mchana wanarushiana maneno hadi unadhani wakikutana watang'oana macho. Halafu jioni uvumi unaanza kuzunguka mtaani: eti hema, spika na mafuta ya boda za mkutano wa upinzani zimelipwa na msee wa upande ule mwingine. Si kila uvumi ni ukweli, lakini hesabu yenyewe iko. Cheki vile inaenda.

1. Adui wa adui yangu anagawanya kura

Rudi 1992. FORD ilikuwa imepasuka mara mbili: Ford-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na Ford-Asili ya Kenneth Matiba. Mwai Kibaki naye alikuwa na DP yake. Moi wa KANU akashinda urais na kura asilimia 36 hivi. Yaani Wakenya wengi walimkataa, lakini hawakumkataa pamoja.

Somo likaeleweka. Ukiwa na wapinzani wawili wanaovua kura kwa bwawa moja, unataka yule mdogo aendelee kujaza uwanja. Akikunja virago, kura zake zote zinaenda kwa yule mkubwa, na hapo wewe ndio umeisha.

2. Adui wa leo ni boss wa kesho

Raila Odinga aliwania dhidi ya Moi 1997 akiwa NDP. Machi 2002, NDP ikamezwa na KANU pale Kasarani. Kabla mwaka uishe, alikuwa ametoka na anasema Kibaki Tosha. Machi 9, 2018 ikaja handisheki yake na Uhuru Kenyatta. Machi 7, 2025 akaweka saini na William Ruto pale KICC, hata miaka mitatu haijaisha baada ya kumenyana naye kwa debe.

Kwa siasa kama hizo, nani atachoma daraja? Kumfanyia mwenzako favour ndogo leo ni kama kuweka akiba.

3. Kura ya juu ni moja

2022, ndani ya Azimio kulikuwa na ODM, Jubilee, Wiper na vyama vingine kibao. Sehemu nyingi vilisimamisha watu dhidi ya wenzao kwa ugavana, ubunge na MCA, lakini wote walikuwa wanatafutia Raila kura. Kenya Kwanza ilikuwa hivyo hivyo na UDA, ANC na Ford Kenya. Hapo mkutano wa mpinzani wako wa kiti cha chini ukijaa, mgombea wenu wa urais anafaidika.

4. Leo ni wako, kesho ni wangu

Sheria inataka polisi wapewe notisi ya mkutano angalau siku 3 mapema, na isizidi siku 14. Wakati mwingine support haina hata shilingi: hufanyi mkutano wako siku hiyo, unaambia vijana wako wasiguse mabango ya wenyewe, na wiki ijayo unategemea wakufanyie vivyo hivyo.

Sasa mbona wanafanya kimya?

Kwanza, kiti. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inasema mwanachama akipigia debe chama kingine, anaweza kuhesabiwa amejiuzulu. Katiba, kifungu cha 103, inasema mbunge akihama chama chake anapoteza kiti. Muungano rasmi unakupa kinga. Urafiki wa usiku haukupi.

Pili, doh. Sheria ya fedha za kampeni iko tangu 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilipita bila kiwango cha matumizi kutekelezwa. Kujua nani alilipia nini ni kazi ngumu.

Tatu, wafuasi. Ukishamwambia msee amchukie mtu fulani miaka mitano, utamwelezaje kwamba umemlipia hema?

Wewe kama raia ufanye nini?

Sikiza nani hatajwi jukwaani. Angalia ni chama gani hakijasimamisha mtu kwa kiti ambacho kingeweza kushinda. Na ukipewa mia mbili urushie mkutano wa wengine mawe, kumbuka wakubwa wenyewe wanapigiana simu. Ukivunjwa mguu, bili ya hospitali ni ya mamako, na yule jirani uliyemrushia jiwe bado mtakutana kwa mtungi wa maji asubuhi.