Pikapu Kuukuu na Hewa ya Bahari

Pikapu nyingi kuukuu za Malindi na Kilifi haziuawi na injini. Hilux yenye injini ya dizeli ya 2L au 3L hubeba mananasi ya Magarini na mawe ya kujengea miaka na mikaka. Ikichoka hufunguliwa, hutiwa ringi na beringi mpya, na kazi ikaendelea. Kinachoiondoa barabarani ni chasisi. Siku moja fundi anaweka jeki pale alipozoea kuiweka, anapampu, na badala ya gari kuinuka, jeki inatoboa chuma.

Ndiyo maana nasema wazi: mwenye pikapu ya zamani katika pwani hii, ambaye ana Jumamosi moja tu ya kuihudumia, aanzie chini ya gari. Redio, rimu pana na vyuma vya kukinga mbele vingoje.

Sababu iko hewani. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na zote mbili hutufikia zikiwa zimepita juu ya bahari. Mawimbi yanapovunjika mwambani hurusha matone madogo mno, upepo ukayachukua hadi nchi kavu. Tone likikauka juu ya chuma, chumvi hubaki. Chumvi hiyo haikai bure. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku na alfajiri zetu hukipita mara kwa mara. Ile ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, ambayo huvuta maji hata unyevu ukiwa karibu asilimia 33 tu. Kwa hiyo pikapu iliyoegeshwa kivulini, bila tone la mvua, huweza kuwa imelowa chini mchana na usiku. Kloridi huzuia utando wa kinga usishike juu ya chuma, na maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Hapo kutu hupata kila inachokihitaji.

Magari ya huko Gongoni hadi Kurawa, kwenye mashamba ya chumvi, yana taabu zaidi, na hayo hayahitaji maelezo. Wanaosahaulika ni wenye pikapu za samaki. Barafu inayeyuka, maji yake yanachanganyika na damu na chumvi, yanapenya matundu ya sakafu ya bodi na kudondoka papo hapo kila safari: juu ya chasisi, kwenye vishikio vya springi za nyuma na kwenye paipu ya breki. Ukitaka kujua pikapu ilifanya kazi gani miaka yake ya nyuma, angalia sehemu hiyo.

Wamarekani walilijua tatizo hili kwa mlango mwingine. Kwao chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chasisi zilizoliwa na kutu za Tacoma, Tundra na Sequoia, makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Zilikuwa gari zilizotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2010. Pikapu nyingi zinazopita Mtwapa na Kibaoni leo ni kongwe kuliko hizo zilivyokuwa siku ya makubaliano.

Wengi hudhani mvua ya masika huosha gari. Huosha juu. Chasisi ya pikapu ni mihimili miwili mirefu, na sehemu kubwa yake ni uwazi ndani, kama mfereji uliozibwa pande zote. Kiwandani huachiwa matundu ya kutolea maji, lakini tope la Ganze na mchanga wa Mambrui huyaziba. Ndani kunabaki mchanga mbichi wenye chumvi, na chuma kinaoza kutoka ndani kuja nje huku rangi ya nje ikiendelea kupendeza.

Jicho, basi, halitoshi. Chukua nyundo ndogo, ingia chini, ugonge mhimili polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu inayoitika. Ukifika palipooza, sauti inakuwa butu na magamba yanakudondokea usoni, hivyo vaa miwani. Gonga zaidi pale mhimili unapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, nyuma ya vishikio vya springi, na pale kabini inapokalia mipira yake. Kisha zibua matundu kwa waya mgumu. Mchanga utakaomwagika utakushangaza.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wa pwani wanapojidhuru wenyewe. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvi. Kuosha chini ya gari kwa maji hayo ni kuipaka chumvi ukidhani unaitoa. Kama sabuni haitoi povu, au tone likikauka kwenye kioo linaacha weupe, maji hayo yatumie kwa matairi. Chini tumia maji matamu: ya mvua uliyokinga, au ya mfereji yanayotoka Baricho kando ya mto Sabaki. Najua maji hayo ni adimu, na watu wanayanunua kwa mtungi. Hayahitajiki mengi. Mitungi mitatu ya lita 20 na lile bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani, liwe jipya au lililosafishwa vizuri, vinatosha pikapu moja, kwa sababu bomba lake jembamba linaingia ndani ya matundu ya chasisi. Suuza hadi maji yatoke safi, liache gari juani likauke kabisa, ndipo upulizie ndani mafuta ya nta ya kuzuia kutu yanayouzwa kwenye makopo.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo gereji nyingi hupulizia chini ya gari, siipendi. Ni kweli hufukuza maji kwa muda. Lakini hulainisha na kuharibu bushi za mpira, na mvua ikija inashuka nayo ardhini. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu tele, na chini yake ndimo mlimo visima. Lami ni mbaya zaidi ikipakwa juu ya kutu: inafunika maji pamoja na chumvi yake, na mwenye gari hawezi tena kuona kinachoendelea. Kwangua kwanza kwa brashi ya waya, suuza, kausha, paka dawa ya kugeuza kutu, kisha rangi ya kukinga chuma.

Kabla hujaingia huko chini, neno moja la usalama. Usiitegemee jeki peke yake, na usiiegemeze gari juu ya tofali la matumbawe. Tofali hilo hujenga nyumba kwa sababu mzigo wake umetandazwa. Likikaliwa na ncha moja ya chuma hupasuka ghafla, bila kutoa ishara. Tumia stendi za chuma au gogo gumu pana, na juu ya mchanga weka ubao mnene chini ya jeki.

Unyevu huohuo wa hewani huingia pia kwenye mafuta ya breki, maana asili yake ni kuvuta maji. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 205, lakini yakishakunywa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Pikapu iliyojaa mzigo ikiteremka kutoka Kaloleni, breki zikipata moto, mafuta yakichemka huzaa mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, hata kama chombo chake kimejaa. Na kama paipu za breki zimeanza kutoa magamba, weka za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo kutu ya chumvi haiziwezi kwa urahisi. Katika maboresho yote ya pikapu ya pwani, hilo ndilo la kwanza kwangu.

Kwenye rejeta weka kulanti, usiweke maji ya kisima. Huku hatuogopi barafu. Kulanti inahitajika kwa sababu huzuia kutu ndani ya injini na kupandisha kiwango cha kuchemka, ilhali maji ya kisima huacha gamba la chokaa hadi silinda hedi inapasuka. Taiming belti ya injini hizo za Toyota ibadilishwe kila kilomita 100,000, na kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba muda umepita.

Wanaotaka taa kali nawaelewa, kwani barabara ya Malindi usiku ina baiskeli na punda wasio na taa. Lakini kabla ya kununua balbu zinazowaumiza macho wengine, pima umeme unaofika kwenye balbu uliyonayo. Katika gari za zamani umeme wa taa hupitia swichi na waya mwembamba uliokwisha kuota kijani. Volti 1 ikipotea njiani, mwanga hupungua karibu robo. Waya mnene kutoka kwenye betri, rilei mbili, fyuzi, na waya hasi uliofungwa mahali palipokwanguliwa pakang'aa kisha pakapakwa grisi: taa zilezile za zamani zitarudisha mwanga ambao pengine hujawahi kuuona tangu uinunue.

Kuongeza mabamba ya springi ili gari libebe zaidi ni jambo ninalolipinga. Springi zitastahimili, ila mzigo wote unashukia vile vishikio, mahali hasa ambapo chumvi imeshakula. Na kama nyundo imekwisha kuonyesha tundu hapo, usikubali kiraka cha kuchomelewa juu ya chuma kilichooza. Kata hadi chuma kizima, weka kipya cha unene uleule, ama pikapu hiyo usiinunue.

Nanyi mnaoosha magari kuanzia Mtwapa hadi Malindi, nawaomba: wekeni tangi moja la maji matamu kwa ajili ya chini ya gari, na mteja mwambieni maji mnayotumia juu yanatoka wapi.