Chokaa ya bakteria

Msomaji wa Kizimkazi anauliza: mawe ya matumbawe yamebeba nyumba za Mji Mkongwe miaka na miaka, mbona mchanga wake unawatisha wahandisi?

Chembe za mchanga huo ni mabaki ya viumbe, zina vitundu ndani na pembe kali nje. Kalsiamu kaboneti iliyoziumba ina ugumu wa 3 hadi 4 kwenye kipimo cha Mohs. Kwatzi ya mchanga wa mtoni hufika 7. Zikigandamizwa husagika, na kubwa ndizo hutangulia, kwa kuwa zina nyufa nyingi zaidi tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipojengwa jukwaa la gesi la North Rankin, baharini kaskazini-magharibi mwa Australia, nguzo za chuma zilizama kwa uzito wake zenyewe. Mchanga wa namna hiyo hiyo haukuzibana.

Utamu uko kwenye dawa ya kuugandisha mchanga huo. Bakteria aitwaye Sporosarcina pasteurii ana kimeng'enya kinachovunja urea, ileile ya mbolea. Kaboneti inayotoka hukutana na kalsiamu iliyotiwa majini, na fuwele za kalsaiti huota kati ya chembe. Wapo wanaoiita saruji hai. Hai wapi, na bakteria wengi huzikwa ndani ya fuwele zao?

Mtazame mpika kashata. Karanga nzima hugusana mahali pachache. Shira ikizipaka migongoni tu, kashata itang'aa lakini mtoto ataivunja kwa vidole. Nguvu iko kwenye maungio. Nazi iliyokunwa hugusana kila upande, ila ukiishindilia mno shira haipenyi: juu pagumu, chini panamwagika. Na shira ikiharakishwa hufanya chengachenga badala ya kushika.

Bakteria nao ni hivyo hivyo. Kwenye nyuzi 50 za Selsiasi kimeng'enya huchapuka, kalsaiti huwa tele, lakini ni fuwele ndogondogo zilizotapakaa juu ya chembe. Kwenye nyuzi 25 hukua kubwa na kujikusanya kwenye maungio, kwa hiyo kalsaiti kidogo huleta nguvu nyingi zaidi. Kwenye baridi kali kimeng'enya husinzia. Mchanga wa chembe mseto hunufaika zaidi: ndogo huziba mapengo ya kubwa na kuzidisha maungio, dawa ikiendelea kupita. Amonia inayobaki urea ikishavunjwa huoshwa.